Nimehamia Minnesota kutoka Texas: majirani ni wema, ila sijui niwakaribie vipi

BintiPangani:

Habarini za humu ndani, wapendwa. Naomba ushauri kwa waliokaa Minnesota, hasa upande wa Saint Paul.

Houston nimeishi miaka 7. Mwezi wa nane mume wangu alipata kazi huku, tukafunga mizigo, tukaja na watoto wetu wawili. Mambo ya karatasi nimeyamaliza: leseni nimebadilisha ndani ya zile siku 60 anazopewa mhamiaji, namba za gari pia, na kodi ya mapato ya jimbo ambayo Texas haikuwepo sasa naiona kwenye mshahara. Hayo nayaweza. Kinachoniumiza ni watu.

Houston unasimama foleni ya dukani, mtu asiyekujua anakuita mpenzi, anakuuliza mtoto ana miaka mingapi, na kabla hujalipa umeshajua mama yake anaumwa nini. Nilijisikia kama niko kwetu Pangani, salamu haziishi. Huku wanatabasamu, wanakushikia mlango, basi. Kazini (nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee) wenzangu wengi walisoma sekondari moja. Mpaka kiangazi kinaisha walikuwa wanakwenda kwenye nyumba zao za ziwani "huko kaskazini", Jumatatu wanasimuliana. Miezi mitano sasa, hakuna hata mmoja aliyeniambia karibu nyumbani.

Sasa kilichonifanya niandike. Jirani yetu wa mkono wa kulia ni mzee, anaishi na mkewe. Theluji kubwa ya kwanza ilianguka usiku nikiwa zamu. Narudi saa 1 asubuhi, nakuta njia yetu imezolewa yote, kuanzia barabarani mpaka ngazini, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, na chumvi imeshamwagwa kwenye ngazi ili tusiteleze. Mtu mwenyewe hayupo. Beleshi lake lilikuwa limeegemea ukuta wake, bado lina theluji.

Sikulala. Nikasukuma chapati kumi, nikapika kuku wa nazi, nikapakua kwenye sahani kubwa ya maua ya bluu aliyonipa mama siku naondoka, nikaenda kugonga. Mzee akafungua, uso umejaa furaha. Nikamweleza nimeleta chakula, shukrani yetu. Akasema, "Aa hapana, hapana, usingejisumbua, wape watoto." Nikamwambia haya, nikarudi nacho. Nikaiweka sahani mezani, bado inafuka moshi, nikalia. Kwetu ukimrudishia mtu chakula chake mlangoni umemwambia hutaki ujirani.

Na kazini nilipeleka pilau. Dada mmoja akaonja kijiko kimoja, akasema, "Mh, hii ni tofauti," akafunika.

Nimekosea wapi? Nijaribu tena au niwaache na maisha yao?

Dereva_I94:

Pole sana dada, na karibu kwetu. Mimi ni Mkenya, niko Brooklyn Park tangu 2009. Nakusihi ujaribu tena, kwa sababu huyo mzee hakukukataa.

Hapa mtu akipewa kitu, mara ya kwanza anasema hapana kwa adabu. Ya pili pia hapana. Ya tatu ndiyo jibu. Akipokea papo hapo anajiona mlafi, anajiona amekutia gharama. Wewe ulipogeuka baada ya hapana ya kwanza, kwa hesabu yake ni wewe uliyeghairi. Mimi yalinikuta kinyume. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea mama mmoja fanicha, akaniuliza kama nitakunywa kahawa, nikajibu ndiyo, asante. Aliduwaa. Birika hata halikuwa motoni, nikamsubiri achemshe tukiwa tumesimama jikoni, hatuna la kuongea.

La pili, usimshukuru sana. Najua inasikika vibaya, sisi tumelelewa kushukuru mpaka mtu achoke. Lakini watu hawa shukrani nyingi inawatia haya, wanaanza kukukwepa. Theluji ikianguka tena, nunua beleshi lako, toka akiwa nje, zoa upande wako, ukimaliza endelea na kipande cha njia ya miguu mbele ya kwake. Usiongee ila kuhusu hali ya hewa. Mimi majirani wangu wote nimewapata hivyo: kusukuma gari lililokwama, kushika ngazi, kuazimana mashine. Sebuleni mwao unaingia baadaye, umeshatoka nao jasho.

Kuhusu "tofauti", hapo sikufichi, pilau hakuipenda. Mtu wa hapa hasemi chakula kibaya, anasema tofauti. Ila pia hakusema kukuumiza. Uliza wangapi walimaliza sahani zao, hao ndio wa kupelekea tena.

Na ukialikwa siku moja, usiage ukaondoka. Wanaaga sebuleni, wanaaga mlangoni, wanaaga tena umeshaingia kwenye gari na kioo umeteremsha. Usiwe na haraka. Mimi habari ya ugonjwa wa rafiki yangu wa karibu niliisikia kwenye kioo cha gari, baada ya saa nne za kula na kucheza karata ambazo hakugusia kitu.

MamaMapacha:

Dada Pangani, mimi ni Mbondei wa Muheza, tumeshakuwa ndugu. Niko Rochester mwaka wa sita.

Aliyosema kaka hapo juu ni kweli tupu, naongeza ya nyumbani. Viatu unavua mlangoni, kama kwetu, hilo tu lilinipa faraja mwanzoni. Ukiona tangazo kazini la kila mtu aje na chakula chake, nenda, na jifunze hotidishi: nyama ya kusaga, supu nzito ya uyoga ya kopo, maharage mabichi, juu unapanga vile vidonge vya viazi, unaingiza kwenye oveni mpaka viwe rangi ya dhahabu. Mimi natia tangawizi na kitunguu saumu kwenye nyama, simwambii mtu, na sufuria linarudi tupu. Pilau peleka pia. Karafuu punguza, usiache.

Nguo za baridi nunua za maana, nguo huku hazina kodi ya mauzo. Na kwa kuwa mko Saint Paul, ikitangazwa dharura ya theluji soma vibao vya mtaa wenu: wenye kibao cha usiku gari litoke barabarani kabla ya saa 3 usiku, wengine kesho yake kabla ya saa 2 asubuhi. Ukiliacha linavutwa, na kulikomboa ni pesa nyingi.

Ukizidiwa na ukimya, shuka Minneapolis kwenye lile soko la Wasomali, Karmel. Wamama wengi pale wamepitia Kenya, utasikia Kiswahili kwenye maduka ya vitenge na madira. Chai ya maziwa, sambusa, unarudi nyumbani una nguvu ya wiki.

Mhamiaji2015:

Mimi nina wazo tofauti kidogo. Waliosoma sekondari moja wana marafiki wa miaka 30, siku zao zimeshajaa, hawana ubaya na wewe. Tafuta na wewe waliohamia. Angalia kazini nani katoka Iowa, nani katoka Ohio. Nao wanakula peke yao, hata kama ngozi yao ni ya wenyeji. Rafiki yangu wa kwanza Duluth alikuwa Mzungu wa Georgia. Alikuwa analia kama wewe.

BintiPangani:

Nimerudi, ni wiki mbili na nusu sasa. Nimewasoma wote mara nyingi, Mungu awabariki.

Jumanne theluji ilianguka tena. Nilimsikia mzee anakwangua, nikavaa nikatoka. Gari la kusafisha barabara lilikuwa limeacha tuta gumu kwenye mdomo wa njia yetu, na mimi nilikuwa nalitwanga kama nalima. Akaja, hakusema neno, akanionyesha: weka beleshi karibu na mwili, inama magoti, kata vipande vidogo, tupa kule upepo unakoelekea. Tukazoa saa nzima. Kila mtu alisema kuna baridi, mara mbili.

Alhamisi nikapika tena kuku wa nazi. Hapana, hapana, msijisumbue. Nikamwambia nimepika kingi. Hapana, wape watoto. Nikamwambia watoto wameshiba, kitaharibika, na mikono nimeinyoosha vilevile na sahani. Akageuka akamwita mkewe. Mkewe akaipokea kwa mikono miwili.

Jana wamekuja wote wawili kuirudisha. Sahani haikurudi tupu! Ndani kulikuwa na vipande vya mraba vya shayiri na chokoleti, vimefunikwa na karatasi ya alumini. Mama yangu angewaelewa watu hawa bila mkalimani. Nikawakaribisha, wakakataa, nikawakaribisha tena, wakavua viatu. Waliaga kwa dakika arobaini, na ni pale mlangoni, kofia imeshavaliwa, mzee alipouliza kama mwanangu ameshawahi kuvua samaki kwenye barafu. Yeye hana mjukuu wa karibu, wote wako Arizona. Anataka kumchukua Jumamosi na baba yake. Mume wangu akauliza unene, akajibiwa imefika inchi 9. Nimeangalia, mwongozo wa jimbo kwa mtu anayetembea ni inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu, kwa hiyo nimekubali. Nilikubali mara ya kwanza, Dereva, nisamehe, sikuweza kusubiri ya tatu.

MamaMapacha, soksi gani zinafaa kwa mtoto wa miaka 9 atakayekaa juu ya barafu kwa muda wa saa tatu? Za sufu pekee, au nyepesi ndani na sufu juu? Naomba jibu kabla ya Ijumaa, maduka nayapitia nikitoka zamu.