Spidi begi nyumbani: ukutani, kwenye kenchi au stendi ya chuma? (Nipo Mbeya)

Mtoto wa Ilomba:
Wakuu habari za jioni. Nimepata spidi begi la ngozi (kile kibegi cha ndondi cha upepo kinachoning'inia chini ya ubao) pale soko la Sido, mtumba lakini zima, limekuja na swivo yake, yaani kile chuma cha kulining'iniza kinachozunguka. Nataka nilifunge nyumbani wikiendi hii. Naona kuna njia tatu: ubao ukutani kwa engo laini (vyuma vya pembe), kwenye kenchi, au nimpe fundi wa kuchomelea aniundie stendi. Ipi haitikisiki? Sitaki kazi ya kurudiarudia. Karibuni.

Mzee wa Gereji:
Mdogo wangu, hapo hujauliza swali. Nyumba yako au umepanga? Ukuta wa bloku au tofali za kuchoma? Umejengwa kwa saruji au udongo? Ndani au uani? Begi lina ukubwa gani? Mfukoni una shilingi ngapi? Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu atakutajia alichonacho kwake.

Mnyalu wa Kihesa:
Kamwene wakuu. Ukutani, mjadala umefungwa. Mimi langu lipo ukutani Iringa, bloku za nchi sita, halijawahi kucheza.

Kaka wa Mafinga:
Kabla ya ukuta tuzungumze ubao, maana wengi hukosea hapo. Ukipiga, begi linagonga ubao mara tatu, nyuma, mbele, nyuma, ndipo ngumi inayofuata inalikuta. Ubao ukiwa mwepesi unameza nguvu, begi linarudi kwa uvivu au linakwenda upande, na mdundo unapotea. Kwa hiyo tafuta uzito. Chukua plaiwudi ya milimita 18, vipande viwili vya futi mbili kwa mbili, bandika kwa gundi ya mbao, kaza skrubu kutokea juu, halafu kata duara. Usinunue shiti nzima, mafundi wa makabati wana mabaki. MDF (ubao wa unga wa mbao) achana nayo kama utaweka uani, ikinyonya unyevu inavimba na skrubu zinaachia.

Ndondi Uyole:
Kwani mbao ya mninga ina shida gani? Nzito na haina maneno.

Kaka wa Mafinga:
Haina shida, ila mbao moja haifiki upana huo. Utaunga, na kiungo kitakaa palepale swivo inapofungwa. Plaiwudi nyuzi zake zimepishana, haipasuki kirahisi.

Dada wa Forest:
Ngoja nisimulie yaliyonikuta na huo ukuta mnaousifia. Nilipanga chumba na sebule huko Sae, nyumba ya tofali za kuchoma, lipu safi kabisa. Fundi akaja na drili, akatoboa, akasukumiza zile plagi za plastiki za kutundikia picha, akakaza skrubu, akala hela yake akaenda. Wiki ya kwanza raha tupu. Baadaye kila nikimaliza mazoezi nafagia vumbi jekundu chini. Kumbe nyuma ya lipu tofali zimelazwa kwa udongo, na jamaa katoboa kwenye kiungo badala ya katikati ya tofali. Skrubu za juu zikaanza kutoka zenyewe, engo laini ikainama.

Upande wa pili wa ukuta anakaa mama mmoja, kabati lake la vyombo limeegemea hapohapo. Mimi nikipiga, vikombe vyake vinagongana. Akadhani ni panya, akanunua sumu, akaninunulia na mimi! Siku sahani zilipomwagika ndipo akagundua panya ni mimi. Alikuja mlangoni na kipande cha sahani mkononi, nyuma yake baba mwenye nyumba. Nililipa lipu, nikalipa vyombo, nikapaka rangi ukuta mzima kwa sababu rangi ya zamani haikupatikana. Fundi hadi leo simu haipokelewi.

Mnyalu wa Kihesa:
Pole dada, hapo ni fundi, ukuta hauna kosa. Kwa tofali za kuchoma unatoboa mpaka upande wa pili, unapitisha bolti ndefu, nje unaweka flati baa (chuma bapa) na nati. Unaubana ukuta katikati, hakuna cha kung'oka.

Dada wa Forest:
Na upande wa pili ukiwa chumba cha jirani? Nati zikae nyuma ya kabati lake?

Mtu wa Kamba:
Hela yote hiyo ya nini? Nunua kamba, ruka. Spidi begi ni maonyesho ya kupostia. Unadhani bondia wetu Mwakinyo alimmaliza Mwingereza Eggington kule Birmingham 2018 kwa spidi begi?

Ndondi Uyole:
Ulikuwepo kambini kwake? Kamba haikufundishi kuinua mikono juu dakika tatu bila kushusha. Mabega yakichoka gadi (mikono ya kujikinga) inashuka, gadi ikishuka unalala.

Mtu wa Kamba:
Mabega hata kubeba ndoo yanafanya. Na begi hilo halina kichwa cha kukwepa wala ngumi ya kurudisha.

Mzee wa Gereji:
Nendeni mkapigane uwanja wa Sokoine mtuachie uzi. Mleta mada yuko wapi?

Mtoto wa Ilomba:
Nipo wakuu, umeme ulikatika. Nimepanga. Tofali za kuchoma, udongo au saruji sijui. Dari ya jipsam. Nina laki na nusu. Na mdogo wangu atalitumia, ananifika kifuani.

Mzee wa Gereji:
Hayo ndiyo ulipaswa kuanza nayo. Kenchi isahau. Utatoboa jipsam ya watu, na mtikisiko utapanda kwenye mabati, nyumba nzima ipige ngoma. Tumbo la begi linatakiwa likae usawa wa mdomo wa anayepiga, kwa hiyo kwa watu wawili wa urefu tofauti unahitaji kitu kinachopanda na kushuka. Stendi ya skwea paipu ya nchi mbili, ndani yake ipite nyingine yenye matundu na pini. Miguu mipana, juu yake viroba vya mchanga.

Mnyalu wa Kihesa:
Stendi ndefu inayumba mzee, hata uiwekee mchanga wa lori. Na paipu mbili zikiwa na nafasi katikati zitakuwa zinalia.

Mzee wa Gereji:
Ndiyo maana unaweka bolti mbili za kubana pembeni, pini peke yake haitoshi. Na kichwa cha stendi unakiegemeza ukutani kwa kipande cha tairi. Mdogo wako akishindwa kufikia, apande kwenye kreti, tusitengeneze roketi.

Kaka wa Mafinga:
Kuna njia ya nne. Kama uani pana nafasi na mwenye nyumba si mkorofi, simika nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa, kama zile za umeme, ichimbiwe futi tatu na zege. Juu unafunga ubao na kijipaa cha bati.

Binti Rungwe:
Uani kwa mvua zetu? Ngozi itaota ukungu. Begi alitoe na kuliingiza ndani kila siku. Halafu Juni asubuhi baridi inapunguza upepo wa mpira wa ndani, itabidi awe na pampu karibu.

Mtoto wa Ilomba:
Ndaga fijo, asanteni wote. Mwenye nyumba nitamuuliza. Hiyo nguzo inapatikana rejareja?

Kaka wa Mafinga:
Zipo, hata zilizokataliwa kwa kupinda kidogo, bei inashuka. Usafiri tu ndiyo shida.

Ndondi Uyole:
Mkuu, tukiwa hapohapo kwenye miti. Nina heka mbili Mufindi, nipande paina au mkaratusi?

Binti Rungwe:
Paina utavuna ukiwa babu. Wenzio Njombe wamehamia kwenye parachichi.

Kaka wa Mafinga:
Parachichi inataka maji na mbolea, paina inataka uilinde na moto tu. Heka zako ziko upande gani, karibu na barabara?