Mjadala: Je, somo la ujasiriamali likiwa la lazima litaongeza wahitimu wanaotaka kujiajiri?

Wachangiaji waliotangulia wameshikilia kwamba somo la ujasiriamali likifanywa la lazima kwa kila mwanafunzi wa chuo kikuu, wahitimu watataka kujiajiri badala ya kuzunguka na bahasha za vyeti. Uchungu ulio nyuma ya hoja hiyo naufahamu, lakini hoja yenyewe siikubali jinsi ilivyo.

Mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza mwaka 1991 kwamba nia ya kutenda jambo hutokana na mambo matatu: mtu anavyolithamini jambo hilo, anavyodhani watu wake wa karibu watalipokea, na anavyoamini kwamba analiweza. Mhadhara mzuri unaweza kugusa la kwanza. La pili limo zaidi mikononi mwa wazazi waliolipa ada wakitarajia mshahara wa kila mwezi. Kwangu mimi uzito uko kwenye la tatu. Mfikirieni mwanafunzi anayetengeneza simu za wenzake bwenini, mwenye daftari lililochakaa ambamo ameandika nani amelipa na nani bado anadaiwa. Akivunja kioo cha mteja, akakilipia kwa fedha yake ya chakula na kesho yake akaendelea na kazi, ameshajua kwamba hasara inauma na inavumilika. Mpango wa biashara ulioandikwa kwa ajili ya alama haumfikishi mtu hapo.

Hata hivyo, vitendo navyo havipandishi nia kila mara. Hessel Oosterbeek na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti kutoka Uholanzi kuhusu wanafunzi wa chuo walioendesha kampuni ndogo kama sehemu ya masomo, na ikaonekana kwamba programu hiyo ilishusha nia yao ya kuwa wajasiriamali. Wapo watakaosema programu ilifeli. Mimi nasema hapana, kwa sababu kijana anayegundua kabla ya kukopa kwamba biashara haimfai ameepushwa na deni ambalo lingeibebesha familia nzima mzigo.

Ndiyo maana napinga kulipima somo hili kwa idadi ya wanaojibu "ndiyo" kwenye hojaji ya mwisho wa muhula. Wanaotaka liwe la lazima naomba wanijibu: mwanafunzi akijaribu biashara akiwa bado chuoni, ikaanguka, ni nani atakayeibeba hasara hiyo pamoja naye?