Gumzo la Ploti: Matone Nayo Mbona ni Chanjo?

Mama Baraka: Majirani, habari za jioni. Mtoto anapewa matone 2 ya polio mdomoni, halafu tunasema amechanjwa. Amechanjwa wapi sasa?

Mwalimu Otieno: Swali zuri sana mama. Kuchanja ni kukata au kupasua. Kuni huchanjwa, na chale huchanjwa kwa wembe. Geuza a ya mwisho iwe o, unapata chanjo, kama soma na somo. Kinga ya ndui ilitiwa hivyo hasa: ngozi inakwaruzwa, dawa inaingizwa hapo. Njia zikabadilika, jina likabaki.

Mwalimu Otieno: Waingereza walishika ng'ombe. Vaccine imetoka kwa vacca, ng'ombe kwa Kilatini. Tarehe 14 Mei 1796, kule Berkeley, Uingereza, daktari Edward Jenner alitoa usaha wa ndui ya ng'ombe mkononi mwa Sarah Nelmes, mkamuaji, akamchanja nao James Phipps wa miaka 8. Mwaka 1881 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur akapendekeza jina hilo litumike kwa kinga za magonjwa mengine pia, kumuenzi Jenner. Kwa hivyo hata kwao ng'ombe hayupo tena. Letu nalipenda zaidi, linaonyesha mkono ukifanya kazi.

Sista Wanjiru: Na BCG, ile chanjo ya kifua kikuu (TB), bado iko karibu na jina lake, maana inakaa ndani ya ngozi yenyewe. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, mililita 0.05 kwa mtoto hajafika mwaka. Sindano inalazwa karibu ilingane na ngozi, tundu likiangalia juu. Ikiingia sawa, kipele cheupe kinainuka palepale, kina vishimo kama ganda la chungwa. Kisipoinuka, dawa imeenda chini mno, na hapo ndipo majipu hutokea.

Mama Baraka: Cha Baraka mdogo kimeanza kutoa maji. Nipake spiriti?

Sista Wanjiru: Usipake mama! Wala mafuta, wala plasta, na usikikamue. Wiki chache baada ya sindano huvimba, hupasuka, hukauka, kisha huacha kovu. Osha kwa maji safi, upanguse polepole.

Baba Zawadi: Na ni lini mtu ashtuke?

Sista Wanjiru: Kukiwa na uvimbe mkubwa kwapani upande huohuo, au kidonda kikimaliza miezi bila kufunga. Hapo beba kile kijitabu cha kliniki, mwende aangaliwe.

Mama Baraka: Sawa sista. Spiriti nairudisha kabatini.