Nimeuziwa progresivu duka la miwani Arusha na sindano bado siioni vizuri, naombeni ushauri

FundiKilombero
Wadau habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, umri 44. Tangu mwaka jana kutunga uzi kwenye sindano imekuwa shughuli, hasa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, ikifika saa kumi na moja jioni naomba mabinti wanaojifunza kwangu wanitungie na kichwa kinauma hapa mbele juu ya macho. Mbali naona safi kabisa, kibao cha hiace nakisoma bado iko huko.

Sasa kuna duka la miwani mjini waliweka bango la kupima bure nikaingia. Wakanikalisha kwenye ile mashine unachungulia unaona picha ya puto, mashine ikatoa kakaratasi kama risiti, kijana akakasoma akaniambia mama wewe unahitaji progresivu (lenzi moja yenye namba ya mbali na ya karibu), na uweke blukati (ya kuzuia mwanga wa bluu) kwa sababu ya simu, na ziwe zile za kubadilika rangi juani, jumla 420,000. Nikasema sina, akashusha mpaka 350,000 nikilipia siku hiyo hiyo. Nililipia maana kazi yangu ni macho, bila macho sina kazi.

Miwani ninayo sasa. Nikiangalia mbele sawa, ila nikiinama kwenye cherehani mstari wa mshono unapinda pembeni, lazima ninyanyue kidevu ndo niione sindano na shingo inauma, halafu nikishuka ngazi naona kama zinaelea. Nimerudi wakaniambia utazoea tu mama. Nimeomba karatasi ya vipimo wakasema haitolewi kwa sababu kupima kulikuwa bure. Hivi hii ni sawa jamani? Na ni kweli utazoea au kuna kitu hakijakaa vizuri? Mwenye uzoefu au mtaalamu naomba anisaidie.

Optom_Moshi
Dada pole sana. Mimi nimesoma optometria, yaani upimaji wa macho na miwani, pale hospitali ya KCMC na nafanya kazi hii Moshi, ngoja nikuandikie kwa kirefu maana hili naliona kila mara na linaniuma kwa kweli.

Kwanza hayo uliyoeleza ni umri. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo inajikunja ili uone karibu, na inakakamaa kidogo kidogo, ukifika miaka 40 na kitu ndo unaanza kusukuma simu mbali ili usome. Mtu wa 44 ambaye mbali anaona vizuri mara nyingi anahitaji lenzi ya namba (nguvu) +1.00 mpaka +1.50 ya kuonea karibu, basi. Hiyo namba itapanda taratibu mpaka kwenye +2.50 hivi ukikaribia 60, inapanda kwa sababu ya umri, wala siyo miwani inayoharibu macho kama watu wanavyosema.

Pili ile mashine ya puto. Ni nzuri, na mimi ninayo, lakini inatoa makadirio ya kuanzia tu, na ni ya namba ya mbali. Haijui unashona, haijui sindano iko umbali gani na uso wako. Baada ya mashine mtu anatakiwa akukalishe mbele ya chati ya herufi, mita 6 au kama chumba kidogo atumie kioo, afunike jicho moja moja, akuvalishe fremu ya majaribio abadilishe lenzi akikuuliza hii ni nzuri au hii. Halafu akupe chati ya kusomea, na hapa ndo wengi wanaruka, akuulize KAZI YAKO NI NINI. Ukisema cherehani achukue futi kamba apime kutoka jichoni mpaka unapoweka kitambaa. Wewe mwenyewe una futi kamba mezani, kaa unavyokaa ukishona umwambie binti akupimie. Kama ni sentimita 40 ina namba yake, kama wewe ni mrefu unakaa mbali sentimita 55 namba inatakiwa ishuke. Mtu akipewa namba ya kusomea Biblia akaenda nayo kwenye cherehani analazimika kuinama mpaka mgongo unakufa.

Sasa progresivu. Siyo lenzi mbaya, ni lenzi nzuri sana kwa mtu sahihi. Juu ina namba ya mbali, inashuka polepole mpaka chini kwenye namba ya karibu, na pembeni kushoto na kulia kuna sehemu zinazopinda vitu, hazikwepeki, ndo hiyo mistari yako. Njia ya kuonea karibu ni nyembamba na iko chini kabisa. Fundi cherehani anaangalia kushoto kulia kitambaa kizima kwa masaa, kwa hiyo mimi nisingekuanza na hiyo. Ningekupa lenzi ya namba moja, yaani lenzi nzima ni namba ya karibu tu, unavaa ukishona unavua ukitoka. Ni rahisi pia.

Naomba unijibu haya: walikuvalisha fremu uliyochagua wakakuwekea nukta kwa kalamu kwenye kioo cha maonyesho, usawa wa mboni ya jicho, kabla ya kwenda kukata lenzi? Walikupima umbali kati ya mboni na mboni kwa rula au mashine? Na hiyo fremu ni nyembamba?

Na karatasi: wamepima macho yako, vipimo ni vyako. Rudi uombe kwa adabu lakini usitoke bila hiyo karatasi. Iwe na SPH (namba kuu), CYL na AX (namba ya astigmatizimu na mwelekeo wake), ADD (nyongeza ya karibu) kwa kila jicho na PD (umbali wa mboni kwa mboni).

FundiKilombero
Asante sana kaka Mungu akubariki. Hapana hakuna aliyeniwekea nukta yoyote. Rula pia sikuona. Fremu ni nyembamba ndiyo, kijana alisema ndo zinazovaliwa sasa. Nimepimiwa sasa hivi na futi kamba ni kama sentimita 45.

Optom_Moshi
Basi hapo jibu limeshapatikana. Progresivu bila nukta ya urefu ni kubahatisha, na fremu nyembamba inakata ile sehemu ya chini ambayo ndo ya sindano, ndo maana unanyanyua kidevu. Kuzoea kupo kweli, watu wanazoea progresivu wiki moja mbili, lakini wanazoea ile iliyokatwa vizuri. Ukiona unanyanyua kidevu kila mara ujue lenzi imekaa chini mno, shingo haitakiwi izoee hiyo.

Dereva_Nyikani
Naongezea hapo kwenye za kubadilika rangi. Mimi ni dereva guide, Serengeti Ngorongoro Tarangire ndo maisha yangu, nilishauriwa hizo hizo na zilikuwa na namba yangu ya mbali. Ukiwa nje zinakolea vizuri, ukifungua paa mkasimama kuangalia simba nazo zinakolea, lakini ukiwa unaendesha hazikolei kabisa au kidogo sana na pale ndo jua linakupiga usoni kutoka Makuyuni mpaka Mto wa Mbu. Baadaye ndo nikaelezwa na mtaalamu mwingine kwamba zinabadilishwa na mionzi ya UV na kioo cha mbele cha gari kinaizuia. Kwa hiyo dada wewe unayeshona ndani ya kibanda zingekusaidia nini? Wangekuuliza tu unafanyia kazi wapi. Mimi sasa natumia miwani ya jua ya polaroidi yenye namba yangu na macho hayachoki.

Mhasibu_Sakina
Na blukati nayo isemwe. Mimi nakaa kwenye kompyuta kutwa nzima, kila duka wananiambia bila blukati macho yataharibika. Kuna uchambuzi wa Cochrane, wale watafiti wanaokusanya tafiti za afya, ulitoka 2023, walikusanya majaribio 17 wakaona hizo lenzi huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi ukilinganisha na lenzi za kawaida. Kilichonisaidia mimi ni kuongeza mwanga wa ofisi na kila dakika 20 naangalia nje dirishani kitu cha mbali kwa sekunde 20 hivi, na kukumbuka kupepesa maana ukikodolea kioo unasahau kupepesa macho yanakauka. Hela ya blukati weka kwenye taa nzuri ya cherehani dada.

MamaG_Pasua
Jamani mimi niwaambie wenye watoto maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Mwanangu wa darasa la pili mwalimu alisema anasogelea ubao, nikampeleka duka moja hapa Moshi mjini, mashine ikasema -3.00 (minus ni ya asiyeona mbali) macho yote, wakataka kukata miwani siku ile ile. Shemeji yangu ni nesi akanikatalia akasema mtoto hapimwi hivyo mpeleke KCMC kwanza. Tukaamka alfajiri tukapanda kifodi tukakaa foleni tukapata. Wakamwekea matone, tukasubiri, mboni zikapanuka wakampima tena na tochi na lenzi za mkononi, ikatoka -0.75 jicho moja na lingine -1.00. Fikiria mtoto angevaa -3.00! Waliniambia mtoto ana nguvu sana ya kukaza jicho na anapochungulia ndani ya mashine anakaza, mashine inaona kama ana minus kubwa. Matone yanalegeza hiyo misuli ndo namba ya kweli inaonekana. Siku hiyo karibu kunakuwa na ukungu na mwanga unamsumbua kwa hiyo mchukulie kofia, msimpangie homuweki.

Kingine alikuwa anajikuna macho sana kwa hili vumbi letu wakamkuta na mzio, akapewa dawa ya matone na wakanisisitiza asisugue macho maana kusugua miaka na miaka kunaweza kuchongoa kioo cha mbele cha jicho na hapo miwani ya kawaida inashindwa. Hilo duka wala halikumwangalia jicho, liliangalia namba tu.

Optom_Moshi
@MamaG_Pasua shemeji yako amefanya kazi nzuri sana. Kwa mtoto lenzi ziwe polikaboneti, ile plastiki ngumu, hazivunjiki ovyo akianguka mpirani, na kila mwaka mrudishe maana wanakua na namba inakimbia.

Mangi_Himo
Mbona mnafanya mambo makubwa, mimi nimenunua miwani pale stendi 8,000, nimejaribu +1.50 nikaona nasoma, sasa mwaka wa tatu niko fresh. Hayo maduka ni ya kula hela tu.

Optom_Moshi
Mangi sikukatalii moja kwa moja. Kama macho yako mawili yanafanana namba na huna astigmatizimu (jicho lisilo duara sawasawa, linaloona vitu vimevutika), hiyo ya stendi haiharibu jicho, na kwa mtu asiye na hela ni bora kuliko kukaa bila. Ninachoogopa ni kingine. Ukivaa hiyo ukaona vizuri hutaenda kupimwa tena, na wewe umeshapita 40. Presha ya macho (glakoma) mara nyingi haiumi, inaanza kula pembeni polepole, unasoma herufi zote za chati mpaka mstari wa mwisho na huku mshipa wa fahamu wa jicho unakufa, na kilichokufa hakirudi. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kupata hiyo au kupofuka bila sababu inayojulikana basi wewe uko kwenye hatari zaidi. Nakuomba nenda Mawenzi au KCMC, wapime presha ya jicho na waangalie huo mshipa kwa nyuma, uwe na amani, halafu miwani yako ya stendi endelea nayo.

Mangi_Himo
Mh. Baba yangu mkubwa alipofuka kwenye miaka 60 na tulisema ni uzee. Nitaenda aisee, asante.

BintiWaMarangu
Na mimi niseme kuhusu wenye sukari. Mama yangu alitengenezewa miwani ya gharama, tukafurahi, baada ya muda mfupi akasema haoni nayo. Tukadhani duka limekosea tukaenda kugombana. Kumbe alipimwa sukari ikiwa juu sana, ilipokuja kushushwa na dawa namba ya macho nayo ikahama. Daktari akasema kwa mwenye kisukari subiri sukari itulie wiki kadhaa ndo upime miwani, na nyuma ya jicho paangaliwe kila mwaka hata kama anaona vizuri. Hakuna aliyemuuliza mama dukani kama ana sukari. Swali la sekunde mbili.

FundiKilombero
Wadau narudi na mrejesho. Kwanza nilienda kwa mtaalamu mwingine mitaa ya kuelekea Mnara wa Saa, nimelipia kupima 15,000. Amenikalisha muda mrefu, kauliza kazi, kauliza presha na sukari, kauliza kama kwetu kuna mtu alipofuka, kapima presha ya macho ikawa sawa. Mbali sina namba kabisa, karibu +1.25 kwa umbali wa cherehani yangu. Aliisoma ile progresivu kwenye kimashine chake akaniambia namba ya chini ni +2.00, yaani wamenizidishia na urefu hauko sawa. Kaniandikia vyote kwenye cheti na PD yangu 61.

Nikarudi lile duka la kwanza na cheti mkononi, sikugombana, nikaomba kuongea na mwenye duka siyo kijana. Nikamwonyesha. Mwanzo alisema lenzi ikishakatwa hairudi, nikamwambia mimi siombi hela yote, naomba unibadilishie lenzi ziwe za namba moja kwa cheti hiki na fremu iwe pana. Tumevutana, mwisho amekubali lenzi mpya za +1.25 za kawaida na fremu nyingine, na atanirudishia 150,000, ameniandikia kwenye risiti. Swali langu la mwisho @Optom_Moshi nikienda kuchukua nitajuaje kwamba wameweka kweli +1.25 na siyo ile ile?

Optom_Moshi
Safi sana dada umeongea vizuri. Ukifika fanya hivi kabla hujasaini kitu. Mwombe aiweke kwenye lensomita, kile kimashine cha kusoma namba ya lenzi, mbele yako, akusomee namba jicho moja moja, ulinganishe na cheti, tofauti ya 0.12 siyo kesi. Kama hana mashine ondoka nayo uipitishe kwa yule aliyekupima, ni dakika moja. Na wewe mwenyewe ishike mkononi mbali na uso, angalia mstari wa dirisha kupitia lenzi, isogeze kushoto kulia, lenzi ya plus mstari unakwenda kinyume na mkono, ya minus unafuata mkono. Halafu izungushe kama usukani, mstari ukipinda ujue kuna CYL ndani na cheti chako hakina. Mwisho beba sindano na uzi mweusi kwenye pochi, kaa kwenye kiti chao, sentimita 45, utunge hapo hapo wakikuangalia.

FundiKilombero
Nabeba na kipande cha kitambaa cheusi. Ijumaa ndo nimeambiwa nifuate.