Naomba ushauri: chuma chenye mapezi kimefukuliwa shambani Kahe

Shikamooni wakubwa, na habari zenu ndugu wote. Nipo Kahe, Moshi Vijijini. Vijana waliokuwa wakichimba mfereji shambani kwa baba mdogo wamekutana na chuma kizito, kinene katikati, chembamba kwa nyuma. Huko nyuma kuna mapezi ya bati, moja limepinda. Mbele kuna kitu kama kizibo kilicholiwa na kutu. Waingereza na Wajerumani walipigana hapa Machi 1916, na Waingereza walikuwa na ndege, kwa hiyo nahofia ni bomu la kudondoshwa kutoka angani.

Tumesimamisha kazi, tumezungushia matawi ya miiba kwa mbali, na mwenyekiti wa kitongoji ametoa taarifa polisi. Bado hawajafika. Kinachoninyima usingizi ni wanunuzi wa vyuma chakavu. Mmoja ameshataja bei, anasema kitu cha zaidi ya miaka mia moja kimeshakufa. Ninavyojua mimi, kutu haiui kilipuzi, na fyuzi (kile kifaa kinachowasha bomu) iliyooza inaweza kulipuka kwa kuguswa tu.

Wenye uzoefu, hasa mliopita jeshini, naomba mnisaidie. Je, kwa picha iliyopigwa kwa mbali mtaalamu anaweza kutofautisha bomu la ndege na la mota (mzinga mdogo unaorusha mabomu kutoka ardhini), maana nalo lina mapezi? Na mpaka wataalamu wa JWTZ waje, watu na mifugo wakae umbali gani? Nyumba ya jirani imepakana na mfereji, na ina watoto wadogo. Tuwaombe wahame kwa muda?