MJADALA: Malipo ya damu ni ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Iendelee hivyo?

Asalaam aleikum ndugu na dada zangu. Juzi kwenye kikao cha familia hapa Garissa, mjomba wangu alisema sisi wasichana tuliosoma tunaidharau mila bure. "Kwa Msomali mwanamke ndiye mwenye nyumba. Mnataka nini tena?" Kwa heshima yake nilinyamaza. Jibu langu naliweka hapa, na atakayeona nimekosea anisahihishe.

Mjomba hakusema uongo. Aqal, ile nyumba ya wafugaji wanaohamahama, ni ya mke. Ayeeyo (bibi) yangu alijenga yake kwa mikono na kwa meno: alikuwa anatafuna magome ya mgunga mpaka yalainike yawe nyuzi, ndipo asuke mikeka ya kuezekea. Nilipomfahamu mimi, meno yake ya mbele yalikuwa yameisha, yamebaki vigutu. Siku ya kuhama aliibomoa, akafunga fito na mikeka juu ya ngamia, na mkifika aliisimamisha tena giza halijaingia. Mume mwenye wake watatu hakuwa na nyumba hata moja. Alikuwa na wake wenye nyumba.

Ila ngamia aliyeibeba nyumba hakuwa wa ayeeyo. Na ngamia ndiye utajiri, ndiye yarad, mahari inayopelekwa kwa wazazi wa binti, ndiye malipo ya damu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kwenye xeer, sheria yetu ya mila, mtu akiuawa ukoo wa muuaji hulipa mag, yaani diya, hayo malipo ya damu. Kiwango kinachojulikana ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Wanaopanga ni wanaume, wamekaa chini ya mti kwenye shir, kikao cha ukoo. Mama aliyefiwa na binti yake hana pa kusemea, labda kaka yake amsemee.

Wazee hujibu kwamba mwanamke hachangi mag ukoo unapodaiwa, kwa hiyo naye hawezi kulipiwa sawa. Nimelifikiria sana jibu hili. Wanaume wanapokwenda mbali na ngamia, mbuzi na kondoo anawachunga nani? Watoto wanalishwa na nani? Ngamia wa mchango yumo zizini kwa sababu kuna mtu alibaki nyumbani akifanya kazi isiyohesabiwa.

Wengine watasema ni dini. Sitaficha: madhehebu, pamoja na yetu ya Shafii, yameiweka diya ya mwanamke nusu. Aya ya 92 ya An-Nisaa inataja diya bila kutaja nusu, na wapo wanazuoni wa zama hizi waliosema iwe sawa. Hilo nawaachia wenye elimu. Linaloniuma ni kwamba dini hukumbukwa inapompunguzia mwanamke, na husahaulika inapompa. Qurani imempa binti fungu lake la mirathi. Ngamia wa baba wanaishia kwa kaka zake. An-Nisaa hiyohiyo, aya ya 19, inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, na bado dumaal inamsubiri mjane aolewe na ndugu wa marehemu. Mtume (s.a.w.) aliagiza msichana aombwe idhini. Kwenye godobreeb msichana hutolewa aolewe upande wa aliyeuawa ili kisasi kiishe. Aliombwa na nani?

Ukeketaji nimeuacha makusudi, unahitaji mjadala wake.

Najua mwaka 1975 utaletwa hapa. Serikali ya Siad Barre kule Somalia ilitangaza mirathi sawa kwa mwana na binti, masheikh wakapinga misikitini, kumi wakauawa. Sitetei risasi. Tangu siku hizo, mtu akitaja haki ya mwanamke wapo wanaosikia harufu ya baruti, na tunaolipa ni sisi.

Xeer lakini haikushuka kutoka mbinguni. Ni mapatano ya koo, na mapatano hurekebishwa. Wajir, miaka ya mwanzo ya 1990, koo zilipokuwa zinauana, wanawake akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi walianza kutafuta amani sokoni, wazee wakafuata baadaye. Mwaka 2000 kule Arta, Djibouti, kwenye mkutano wa amani ya Somalia, viti viligawanywa kwa makundi matano ya koo na wanawake hawakuwa na pa kukaa: kwa baba wanaitwa wake za watu, kwa mume wanaitwa mabinti wa wale. Asha Haji Elmi na wenzake wakajitangaza ukoo wa sita, wakapewa viti.

Basi nawauliza mnaoketi kwenye mabaraza ya wazee, Garissa, Wajir, Mandera na ng'ambo ya mpaka: mara ya mwisho mlipopanga mag ya mwanamke, mama yake alikuwa amekaa wapi?