Gereji ya mawe au shedi ya chuma? Ploti imebana na laini ya kujengea inanisumbua (Nakuru)

mwenye_pikapu
Wadau habari za jioni. Nina nyumba hapa Nakuru, tumehamia mwaka jana, sasa nataka kujenga gereji ya gari moja kando ya nyumba, na huko nyuma mama watoto anataka veranda kubwa ya mbao, ile ya kukaa jioni watoto wakicheza. Shida ni nafasi. Fundi mmoja ameniambia nipandishe ukuta wa gereji juu ya fensi moja kwa moja. Mwingine anasema niweke shedi ya chuma na mabati, ati hiyo haihitaji karatasi yoyote. Rafiki yangu naye ananiambia niende kaunti niombe kulegezewa laini ya kujengea (ule umbali unaotakiwa kuacha kati ya jengo na mpaka) ndio nijenge ya mawe na roho safi. Nimeng'olewa vioo vya kando mara 2 tangu Januari kwa hivyo nataka kuanza mwezi huu kabla mvua ishike. Ipi afadhali? Pesa iko ya kitu kimoja kwanza.

ramani_safi
Mkuu karibu, lakini hujatuambia kitu bado. Ploti ni futi ngapi kwa ngapi? Iko pande gani? Taito ni frihodi (ardhi yako moja kwa moja) ama lisi (ya kukodi kwa miaka)? Barabara ya mbele upana gani? Na nyumba yenyewe ilijengwa na plani iliyopitishwa ama ulinunua ikiwa imesimama tayari? Bila hayo kila mtu hapa atakujibu kuhusu ploti yake mwenyewe.

fundi_lanet
Shedi ya chuma bila kufikiria mara mbili. Nimeshika hizi kazi miaka mingi, Lanet, Free Area, Section 58, na sijaona mtu akijuta. Nguzo 4 za paipu nzito, chini unaweka besi pleti (bamba la chuma la kukalia nguzo) na bolti juu ya zege, juu mabati geji 28. Usikubali geji 30, ule upepo wetu wa mchana wa Januari na Februari ukiingia chini ya bati jepesi unalichana kwenye misumari. Ukihama unafungua nati unaenda na shedi yako. Gereji ya mawe ukihama unamwachia mwenye kununua.

ramani_safi
@fundi_lanet kazi yako naiheshimu ila hapo pa "haihitaji karatasi" tusimdanganye mwenzetu. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 haikusema mawe peke yake, inasema uendelezaji wowote lazima uwe na ruhusa ya kaunti. Kifungu cha 57: ukianza bila ruhusa ni faini isiyozidi laki 5 au kifungo kisichozidi miezi 2 au vyote viwili. Sasa kama afisa wa eneo lako huwa anafumbia macho shedi ndogo hiyo ni habari nyingine, lakini sio kwamba imeruhusiwa.

fundi_lanet
Hakuna mtu amefungwa Nakuru juu ya shedi ya gari. Nitajie mmoja.

ramani_safi
Sina wa kutaja. Ila watu waliobomolewa nawajua, na kubomolewa kunauma kuliko faini.

mwenye_pikapu
Samahani wadau nilikuwa kazini. Ploti ni 40 kwa 80, iko Kiamunyi. Nyumba ina upana wa futi 28, upande mmoja imebaki futi 3 mpaka kwa fensi na upande mwingine futi 9, hapo kwa 9 ndio nataka gereji. Mbele kuna kama futi 20 mpaka geti. Gari ni dabo kabini.

MamaMapacha
Na jirani wa huo upande wa futi 9 umeongea naye? Mbona hakuna mtu ameuliza hilo?

ramani_safi
Hebu tupige hesabu. Futi 9 ukitoa ukuta wa inchi 6 juu ya fensi, ukuta wa pili ukitumia wa nyumba, inabaki futi 8 na nusu. Dabo kabini pamoja na vioo vyake inakaribia futi 7. Inaingia sawa, lakini ukishaingia mlango wa dereva unafungua kidogo sana, na abiria ashukie nje kabla hujaingiza. Hiyo ni kila siku, na mvua. Pia dirisha za nyumba za huo upande zitakuwa zinaangalia ndani ya gereji, je kuna chumba cha kulala hapo? Moshi wa gari utaingilia hapo hapo. Mimi sikatai gereji, nasema hiyo futi 9 inakupa mateso kabla hata kaunti hawajasema lolote.

KisumuDala
Mimi nipo Kisumu sasa ila haya yalinipata nikiishi mji mwingine ambao sitautaja, na nitaandika mrefu kidogo juu nataka huyu ndugu aelewe. Nilikuwa na ploti kama yako, 40 kwa 80, nikataka gereji na juu yake chumba cha kijana wangu aliyekuwa anaingia chuo. Jamaa aliyenichorea akaniambia nisiwe na wasiwasi yeye ndiye anajua watu, atapitisha, nikampa pesa ya michoro na pesa ya "kusukuma faili", akaniletea makaratasi yana mihuri nikaamini. Nikaanza. Msingi, ukuta mpaka usawa wa lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), jirani akaja akasimama pale akaniambia bwana hii ukuta yako imenikaribia sana na maji ya bati yatamwagika kwangu, mimi kwa kiburi nikamwambia nina karatasi. Hakubishana. Wiki mbili baadaye nikakuta X nyekundu kwa ukuta na notisi imebandikwa kwa geti, niache kazi na nirudishe ploti ilivyokuwa. Nikakimbia na makaratasi yangu ofisini, mama mmoja akafungua kitabu akatafuta namba akatafuta tena, akaniambia pole sana, hii namba ni ya ploti nyingine kabisa. Yule wa michoro simu ikawa haipatikani. Nilikuwa na siku 14 za kukata rufaa kwa ile kamati ya kaunti na sikujua, nilizimaliza nikimtafuta yeye. Nilibomoa mwenyewe na vibarua 3, jiwe kwa jiwe, kijana wangu akiangalia. Mawe mengine nilimuuzia yule jirani na alinilipa bei nzuri bila neno, na hicho ndicho huwa kinaniuma mpaka leo, juu alikuja kwangu kwa heshima nikamjibu vibaya. Kama ningeketi naye siku ya kwanza ningerudi ndani futi 3 tu na mambo yangeisha.

MamaMapacha
Pole sana @KisumuDala. Ndio maana niliuliza. Kwangu mimi ndiye niko upande wa jirani. Mwenzangu wa upande wa kushoto alijenga gereji juu ya fensi, bati limeinamia kwangu, gata (mfereji wa kukinga maji ya bati) hakuweka. Kila mvua maji yanaanguka kwa msingi wangu na rangi ya ukuta wa chumba cha watoto imetoka yote, kuna unyevu mpaka ndani. Nimemwambia kwa upole, nimepeleka kwa mzee wa mtaa, anasema atatengeneza akipata. Huu ni mwaka wa 2. @mwenye_pikapu chochote utakachojenga, bati liinamie kwako na uweke gata na tangi, maji yenyewe si tunanunua.

Mkenya_Minnesota
Nimelelewa Nakuru, niko Minnesota, Marekani, miaka 11. Huku hicho mnachoita kulegezewa laini kina jina lake, wanaita variansi, na shughuli yake iko wazi. Kanuni za mji zinasema gereji ikae futi kadhaa kutoka kwa mpaka, ukishindwa unaomba. Majirani wanaandikiwa barua, kunakuwa na kikao cha wazi, yeyote anaweza kuja kuongea. Na hawaangalii kama wewe ni mtu mzuri ama gari lako linaibiwa vioo, wanaangalia shida imeletwa na nini. Kama ardhi yako ina mteremko ama umbo la ajabu wanakusikiza. Kama ni wewe ulijenga nyumba kubwa ukajibana mwenyewe, hapo una kazi.
Kulikuwa na kesi kubwa hapa ya mji wa Minnetonka, na ilikuwa ya gereji haswa. Mwenye nyumba alikuwa na gereji ya zamani iliyokuwa karibu mno na mpaka, akataka kuiongezea ghorofa, mji ukampa ruhusa, jirani akaenda mahakamani. 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema mji ulitumia kipimo laini kuliko sheria inavyotaka. Watu walilalamika sana, 2011 bunge la jimbo likabadilisha sheria ndio miji ipate nafasi ya kupumua.
Hata ile veranda ya mbao, huku wanaita deki, mara nyingi inahitaji kibali, na nguzo zake unazichimbia inchi 42 chini kwa sehemu tuliyoko sababu ardhi inaganda barafu na kusukuma nguzo juu.

fundi_lanet
Inchi 42 ya nguzo ya veranda! Hapa hiyo ni msingi wa nyumba.

KisumuDala
Kisumu pia usicheke, ukienda pande za Nyamasaria kwenye ule udongo mweusi unachimba mpaka unachoka. Ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba, sakafu ya veranda inapanda na kushuka kama kifua cha mtu.

mjukuu_wa_Menengai
Sasa mmefika kwa jambo lenyewe. Kiamunyi mnaongea laini ya kujengea na hamjaongea ardhi. Nakuru yetu imekaa juu ya majivu ya volkano, mvua kubwa ikinyesha maji yanatafuta njia yao huko chini, yanabeba huo udongo laini, siku moja unakuta ufa umefunguka shambani mbuzi anaweza kuingia. Watu wa upande huo wa magharibi ya mji wanajua. Kabla uweke tani za mawe kando ya nyumba, uliza wazee waliokuwa hapo kabla ya kugawanywa ploti maji yalikuwa yanapita wapi. Kwa sababu hiyo tu mimi niko na shedi ya chuma.

ramani_safi
Hoja nzuri. @mwenye_pikapu hujajibu la taito. Na plani ya nyumba?

mwenye_pikapu
Taito ni frihodi. Plani sijui, nilinunua nyumba ikiwa imekamilika, yule aliyeniuzia alinipa taito na bili ya stima tu. Kwa taito imeandikwa matumizi ni kilimo, hiyo ni shida?

ramani_safi
Ndugu yangu, hiyo ndiyo ungeanza nayo!! Yaani kwa karatasi za serikali hiyo nyumba yako iko shambani. Ukienda kaunti kuomba kulegezewa laini ya gereji watakuuliza kwanza nyumba yenyewe ilipitishwa lini, halafu watakuambia ubadilishe matumizi kutoka kilimo kwenda makazi. Hiyo inaandaliwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, kuna tangazo gazetini na kibao kwa ploti, majirani wanapewa nafasi ya kupinga. Baada ya hapo ndio michoro ya nyumba ilivyo sasa, halafu ndio gereji. Kuanza mwezi huu sahau.

bonde_la_ufa
Si kuna ile ya siku 60? Usipojibiwa unahesabiwa umepewa. Apeleke, ahesabu siku, ajenge.

ramani_safi
Iko, kifungu cha 58. Lakini wakikuandikia jibu siku ya 59 kwamba faili ina upungufu, utasemaje? Na huyu faili yake itakuwa na upungufu kutoka ukurasa wa kwanza. Ukinyimwa una siku 14 kwenda kwa kamati ya rufaa, wakikukataa hao kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Yote hayo kwa gereji ya gari moja.

bonde_la_ufa
Ndio maana watu wanajenga usiku. Mnafanya karatasi iwe ngumu halafu mnashangaa. Tangu tupewe hadhi ya jiji 2021 ada zinaongezwa, barabara za mtaani ni vumbi lile lile.

MamaMapacha
Wanaojenga usiku ndio wanamwagia majirani maji mchana.

mwenye_pikapu
Asanteni nyote, nimeshtuka kusema ukweli. Mke wangu amesoma hizi jumbe zote na sasa anasema tuanze na veranda kwanza ya nyuma, gari ilale tu nje na tufunge kamera. Ni mbao gani? Nimeambiwa saipresi.

fundi_lanet
Saipresi ikigusa udongo ni chakula cha mchwa, na Kiamunyi mchwa wapo wa kutosha. Nguzo tumia mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani, zile za rangi ya kijani, au paipu. Mbao zisiguse chini kabisa, ziinue juu ya zege hata futi moja upepo upite.

mjukuu_wa_Menengai
Dawa ya mchwa mwagia udongo kabla ya zege, si baada. Mimi nilifanya baada na nikarudia kazi yote.

Mkenya_Minnesota
Misumari pia msitumie, skrubu. Mbao ikikauka msumari unatoka wenyewe na mtoto anakanyaga.

fundi_lanet
Skrubu za Nakuru zinashika kutu mwaka mmoja, labda upate zile za mabati zenye raba.

mwenye_pikapu
Habari mpya wadau. Leo Jumamosi nimeleta savea athibitishe mpaka kabla ya lolote. Bikoni (alama za mpaka za kwenye kona) 3 zimepatikana, moja ya kona ya gereji haionekani, na anasema kwa vipimo vyake fensi yangu ya upande huo imeingia kwa jirani kama futi 2. Fensi niliikuta hivyo hivyo.

KisumuDala
Basi una futi 7, sio 9. Jirani alikuwepo akipima?

mwenye_pikapu
Alikuwa amesimama kwa geti yake anaangalia. Hajasema kitu.

MamaMapacha
Nenda leo leo kabla giza liingie. Mwendee na mama watoto.

bonde_la_ufa
Hiyo kamera mnafunga ni ya waya ama ya laini ya simu? Mimi pia nimeng'olewa vioo.